Mtu wa Kuarifiwa

Habari kwamba Mwalimu Esnah Nyangate atasafiri kwa meli zilienea Ikonge kabla yeye mwenyewe hajazitangaza. Kwenye kituo cha majani chai, wanawake waliokuwa wakisubiri mizani walimpongeza kana kwamba amekwisha kwenda na kurudi. Mmoja alitaka kujua kama melini watu hulala na viatu. Mwingine aliuliza Sabato huadhimishwa vipi mahali pasipo na ardhi. Esnah aliwajibu kwa upole wa mtu aliyewahi kuwa mwalimu mkuu: meli ya kitalii ni kama hoteli iliyowekwa juu ya maji, na Mungu wa Sabato ndiye aliyeumba bahari pia. Kisha akachukua kikapu chake kitupu akapanda kilima, mgongo umenyooka, kama alivyozoea kutembea akijua kwamba anatazamwa.

Nyumbani hapakuwa na wa kumtazama. Nyumba ya matofali aliyoijenga na marehemu mumewe, Mwalimu Masese, ilikuwa na vyumba vinne na watu wawili. Vitambaa vyeupe vya viti vya sebuleni vilifuliwa kila Ijumaa, ingawa tangu mazishi ya mwisho ni viti viwili tu vilivyokaliwa. Upande wa chini wa boma, karibu na migomba, palikuwa na makaburi mawili yaliyosakafiwa: la mumewe, na la Thadeus, mtoto wake wa pekee, aliyekufa katika ajali ya barabarani kabla hajatimiza miaka thelathini.

Mtu wa pili katika nyumba hiyo alikuwa mjukuu wake, Brandon Masese, mvulana wa miaka kumi. Kwa kuwa alibeba jina la babu yake, kwa utani wa huko alihesabiwa pia kuwa mume wa bibi yake. Asubuhi Esnah alimwita, "Mume wangu, mbuzi wako wanalia," naye akajibu kwa sauti nzito ya kujilazimisha, "Mke wangu, kwanza chai." Alipotaka kitu kwa dhati ndipo alipomwita magokoro, yaani bibi. Esnah alikuwa akiusubiri utani huo tangu alipofungua macho. Baada ya hapo mtoto alikwenda shule, na nyumba ikanyamaza mpaka jioni.

Mama wa mtoto, Bonareri, alikuwa baharini. Alikuwa mjane wa Thadeus, na kazi yake ilikuwa kuoka mikate katika meli kubwa ya watalii. Mkataba ukiisha alirudi Ikonge kwa wiki chache, akalala katika nyumba aliyojengewa na Thadeus, akachuma chai, akaenda kanisani na mama mkwe wake, kisha akaondoka tena. Mwaka huu kampuni ilimruhusu kualika watu wawili wa familia. Meli ingeanzia Mombasa, ipite Unguja, Ushelisheli na Morisi, irudi Mombasa.

"Njoo naye, Mama," alisema kwenye simu. "Nataka aone mahali ninapolala. Kila akinichora ananiweka kwenye mtumbwi, peke yangu, na kasia."

Esnah alicheka, akakubali. Hakuona sababu ya kukataa. Alikuwa na muda mwingi kuliko alivyopenda kukiri.

Lazima isemwe hapa namna Brandon alivyozaliwa, maana bila hilo yaliyofuata hayaeleweki. Thadeus alipooa, ng'ombe walitolewa, wakapokelewa, wakaliwa na jamaa waliostahili kuwala. Katika desturi ya Abagusii, ndoa ya namna hiyo haizikwi pamoja na mume. Mwanamke akibaki bomani, anabaki kuwa mke wa mwenye boma, na mtoto atakayemzaa ni wa marehemu. Hakuna anayeuliza zaidi, na anayeuliza huonekana hana malezi. Bonareri alibaki. Jamaa wengine walitaka arudishwe kwao, kwa kuwa hakuwa amezaa, lakini Esnah alisimama mlangoni akakataa. Katika mwaka wa nne tangu mazishi, Bonareri alijifungua mtoto wa kiume.

Siku ile Esnah alivaa gauni lake la samawati akaenda mwenyewe kumwandikisha mtoto. Penye jina la baba alitaja Thadeus Masese, kwa sauti ya mtu anayesoma majina ya waliofaulu. Baadaye akambeba mtoto huyo hadi kanisa la Nyanchwa, kwa sababu alisomea Nyanchwa na ndiko walikokuwa watu ambao maoni yao aliyajali. Mchungaji alisita kidogo alipoambiwa jina la baba. Esnah akamtazama tu. Mchungaji akaombea mtoto wa Thadeus. Wanawake wa Dorkasi, chama cha akina mama wa kanisa, wakaimba, na tangu siku hiyo jambo hilo halikuzungumzwa tena mbele yake. Aliamini hata nyuma yake halikuzungumzwa.

Cheti cha kuzaliwa cha mtoto alikiweka kabatini, katika bahasha ya kaki. Cheti cha kifo cha Thadeus kilikuwa kabati hilohilo, katika bahasha nyingine. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuvihitaji vyote viwili siku moja.

Mjini Kisii, juu ya duka la viatu, Roselyne alikuwa na ofisi ndogo ya kusaidia wasafiri. Alikuwa amefundishwa na Esnah darasa la sita, na alipomwona mlangoni aliinuka kitini kabla hajajua ameinuka. Alimkaribisha, akaagiza chai, akaanza kueleza. Pasipoti za wote wawili lazima ziwe na uhai wa miezi sita baada ya siku ya mwisho ya safari, na kurasa tupu za kutosha. Zile za zamani hazikubaliki tena, kwa hiyo Mwalimu aisahau ile aliyokwenda nayo Kampala na kwaya. Chanjo ya homa ya manjano, pamoja na kadi yake. Ila kwa umri wa Mwalimu, daktari amwone kwanza. Kila kisiwa kina kibali chake hata kama mtu anashuka kwa saa mbili kununua kofia. Majina ya kwenye tiketi yafanane na ya kwenye pasipoti, yote na kwa mpangilio uleule. Na kwenye fomu ya kuingia melini kuna mahali pa kuandika mtu wa kuarifiwa endapo lolote litatokea, ambaye lazima awe amebaki nchi kavu.

"Hilo la mwisho nitajaza nikifika," alisema Esnah.

"Hata pale bandarini unaweza, Mwalimu. Sasa tumwangalie mtoto. Yeye anasafiri na mtu asiye mzazi wake, kwa hiyo wanataka idhini ya wazazi wote wawili. Mama atatuma yake kutoka melini. Baba akiwa marehemu, cheti cha kifo kinatosha."

Esnah alifungua bahasha zote mbili akaziweka mezani. Roselyne alisoma cha kwanza, akasoma cha pili, akarudi kwa cha kwanza. Chai ililetwa na hakuna aliyeigusa.

"Mwalimu, marehemu Thadeus ndiye baba wa mtoto?"

"Ndiye."

"Hapa amefariki." Aligusa karatasi moja kwa ncha ya kalamu, kisha nyingine. "Na hapa mtoto amezaliwa."

"Najua kusoma, Roselyne."

"Ni wewe uliyenifundisha." Roselyne aliteremsha sauti. "Mimi sina neno. Mama yangu mdogo alizaliwa hivyohivyo, na yeye ndiye aliyemzika babu. Lakini yule wa dirishani ataona miaka tu. Na kama hapa Kisii hataiona, ataiona wa bandarini, na mtakuwa mmeshafika Mombasa na masanduku."

Esnah aliuliza njia ni ipi. Roselyne alisema kuna watu mjini wanaoweza kuisogeza tarehe ya kifo, ila yeye hafanyi kazi nao. Alisema hivyo kama mtu anayepitisha ujumbe usio wake, na Esnah akamtazama mpaka akainamisha macho. Njia nyingine ilikuwa kuomba cheti kirekebishwe, jina la baba liondolewe, pabaki wazi. Hapo idhini ya mama peke yake ingetosha.

"Na mimi nitakuwa nani kwake?"

"Tukiandika bibi, watauliza bibi mzaa nani. Tutaandika mlezi."

Esnah alikusanya karatasi zake, akakunja kila moja katika mkunjo wake wa zamani, akashukuru kwa chai ambayo hakuinywa. Alipofika chini alisimama mbele ya duka la viatu kwa muda, mtu akadhani anataka kununua, akamletea kiti.

Siku chache baadaye Haron alikuja. Huyu alikuwa mdogo wa marehemu mumewe, na boma lake lilipakana na la Esnah kwa ua wa miti ya maua. Katika mazishi yote mawili ni yeye aliyesimamia uchimbaji wa kaburi. Ni yeye pia aliyetaka Bonareri arudishwe kwao, na tangu wakati huo yeye na Esnah walisalimiana kwa heshima kubwa na kwa maneno machache. Esnah hakujua nani alimweleza. Mjini kuna ngazi, na kwenye ngazi kuna masikio.

Haron alikaa katika kiti ambacho kwa kawaida hakikukaliwa, akasifu vitambaa, akauliza hali ya ng'ombe.

"Nasikia kuna shida ya makaratasi, Mama Thadeus."

"Hakuna shida. Kuna utaratibu."

"Utaratibu, sawa." Alitabasamu. "Mimi miaka yote nimenyamaza, umeona? Mtoto ananiita babu, naitika. Lakini serikali ikija kusema kwa mhuri wake kwamba huyu si wa Thadeus, mimi ni nani nibishane na serikali?"

"Shamba liko kwa jina langu, Haron. Hilo pia serikali imelisema kwa mhuri."

Haron alicheka kidogo, kama mchezaji wa bao aliyeona kete yake ikiliwa. Akasema hakuja kwa ajili ya shamba. Akazungusha kofia yake magotini, kisha akasema jambo ambalo Esnah hakulitarajia. Alisema wao walikuwa ndugu wawili tu, na nyumba ya kaka yake ikifutwa, atakapotazama ng'ambo ya ua ataona nyumba ya nani? Aliondoka bila kuaga vizuri. Esnah alikinyoosha kitambaa cha kile kiti, na ilimchukua muda kukubali kwamba katika Ikonge nzima mtu mwingine aliyelala akiliwaza jina la Thadeus alikuwa Haron.

Jumapili aliongea na Bonareri kwa simu. Alimweleza yote kwa mpangilio, kama anayetoa ripoti kwa kamati, na mwisho akasema kwamba kwa maoni yake safari iahirishwe, mtoto akue, aende akiwa na kitambulisho chake mwenyewe.

Nyuma ya Bonareri vyombo vya jikoni viligongana, mtu akacheka kwa lugha ngeni.

"Mama, nisikufiche. Kuna mtu."

Esnah alijua siku moja atayasikia maneno hayo. Aliyatarajia mapema zaidi, wakati kilio cha msichana huyo kilipokuwa bado kibichi. Alidhani kwa kuchelewa kwao yamekwisha kupita.

"Ni nani?"

"Ni wa Ushelisheli. Fundi wa mitambo hapa melini. Mkataba huu ukiisha anataka tuishi kwao." Akaongeza haraka, "Nilitaka wewe umwone kwanza. Ukimkataa ukiwa umemwona, nitasikia."

"Anajua una boma?"

"Anajua nina wewe."

Esnah alihamisha simu sikio la pili. Aliuliza kama mtoto ndiye anayetakiwa kuhamia huko, na aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Ukisema nisimguse, sitamgusa," Bonareri alisema. "Wao walitaka nirudishwe kwetu na wewe ukasimama mlangoni. Siwezi kulisahau hilo. Lakini Mama, juzi nilipopiga Brandon aliniita Anti. Alijirekebisha upesi, akacheka, mimi pia nikacheka. Nilioka mikate ya watu elfu mbili asubuhi ile na sikumbuki hata mmoja."

Baada ya simu Esnah alibaki ameketi. Nje Brandon alikuwa akiongea na mbuzi, akiwagombeza kwa maneno yaleyale ambayo yeye Esnah aliyatumia kuwagombeza watoto wa darasa la kwanza. Alijaribu kukumbuka mara ngapi yeye mwenyewe, akimpa mtoto simu, alisema, "Njoo uongee na mama," na mara ngapi alisema tu, "Njoo uongee." Hakupenda jibu alilolipata. Hakuna aliyemfundisha mtoto kusema Anti. Alijifunza mwenyewe, katika nyumba ambamo picha ya baba aliyekufa ilikuwa sebuleni na ya mama aliye hai ilikuwa ndani ya simu.

Kesho yake alipanda gari kwenda mjini akamwambia Roselyne aanze kukirekebisha cheti.

Kwa kuwa ni yeye aliyetoa habari za kuzaliwa kwa mtoto, ilibidi yeye pia aape. Wakili alikuwa kijana mwenye haraka. Alimsomea hati ya kiapo ambamo iliandikwa kwamba baba wa mtoto hajulikani. Esnah alimsimamisha hapo.

"Andika kwamba hakutajwa."

"Mama, ni kitu kimoja."

"Si kitu kimoja. Mtoto ambaye baba yake hajulikani ni mtoto wa barabarani. Huyu ana boma. Andika kwamba hakutajwa, na kwamba mimi nilitaja jina la mwanangu kwa desturi ya kwetu, bila nia ya kudanganya mtu."

Wakili alitaka kusema kitu, akaona uso wake, akaandika. Esnah aliisoma upya yote, akarekebisha koma moja, akatia sahihi. Aliporudi nyumbani ndipo aliposhindwa kufungua kufuli, akajaribu ufunguo wa jikoni katika mlango wa mbele mara kadhaa kama mgeni.

Cheti kipya kilipotoka, Brandon alikisoma kwanza, maana alikuwa amefundishwa kusoma kila karatasi inayoingia nyumbani. Alikisoma akiwa amesimama, kidole kikifuata mstari.

"Magokoro, mbona baba amekuwa mstari?"

Esnah alikuwa akichambua mboga za chinsaga kwa ajili ya chakula cha jioni. Aliendelea kuchambua.

"Hiki ni cha safari."

"Tukirudi atarudi?"

Katika miaka yake yote ya kufundisha hakuwahi kumdanganya mtoto aliyeuliza swali kwa heshima. "Hapana. Lakini pale chini jina lake limeandikwa kwenye saruji, na nililipia herufi kubwa. Pale hakuna wa kulirekebisha."

Mtoto alifikiri. "Na mimi bado ni mume wako?"

"Wewe bado hujawapa mbuzi maji, mume wangu."

Alitoka mbio. Esnah alitazama sufuria, akaona ametupa majani na kubakiza vikonyo.

Pasipoti zilitoka. Zilikuwa za rangi ya samawati, mpya, na picha ambazo masikio yote yalionekana. Daktari alimpima Esnah, akaridhika, wakachanjwa wote wawili siku moja. Jioni, badala ya hadithi, Esnah alimfundisha mtoto majibu. Alijua watu wa bandarini huwauliza watoto, na akaogopa mtoto asije akasema neno ambalo karatasi hazikusema. Aliketi upande mmoja wa meza, akavaa miwani, akawa afisa.

"Unaitwa nani?"

"Brandon Masese."

"Unakwenda wapi?"

"Kwa mama yangu. Anaoka mikate melini."

"Huyu uliye naye ni nani wako?"

Mwanzoni mtoto alisema, "Mke wangu," akaangua kicheko. Mara ya pili alisema magokoro. Esnah alimrekebisha kwa subira, kila jioni, kama alivyowarekebisha wengi, mpaka jibu likatoka laini bila kukwama. Alikuwa mwanafunzi mzuri. Wote wa boma hilo walikuwa wanafunzi wazuri.

Asubuhi ya kuondoka wanawake wa Dorkasi walikuja kuomba. Mmoja aliuliza kwa nini mtoto ana begi kubwa kuliko la bibi yake, na Esnah akasema watoto huchafua nguo. Alikuwa amempakia nguo za mwaka mzima, na sare ya shule, ingawa hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Ukumbi wa abiria Mombasa ulikuwa na baridi ya mashine, na nyuma ya vioo meli ilisimama nyeupe, ndefu, na madirisha mengi kuliko nyumba zote za Ikonge. Brandon aliitazama kwa muda mrefu. "Si mtumbwi," alisema mwishowe, kwa sauti ya mtu anayesahihisha kazi yake mwenyewe.

Afisa wa dirishani alikuwa mwanamke mwenye miwani, si mkali. Alipitia kila kitu: pasipoti, kadi za homa ya manjano, vibali vya visiwa, idhini ya Bonareri yenye mhuri, cheti chenye mstari. Akainama kidogo ili amwone mtoto.

"Na huyu mama ni nani wako?"

Brandon alisimama wima, mikono ubavuni.

"Ni mlezi wangu."

Alilisema sawasawa, bila kumtazama Esnah, kama walivyofanya mazoezi. Afisa alimsifu kwa Kiswahili chake kizuri, akagonga mhuri. Esnah aliweka mkono juu ya kichwa cha mtoto, akauondoa, kwa kuwa hakujua kama mlezi hufanya hivyo.

Mtoto alipitishwa mbele, kwenye mlango wa watoto wanaopokelewa na wafanyakazi wa meli. Ng'ambo ya kamba Bonareri alikuwa amesimama, amevaa koti jeupe la mpishi, mikono imeziba mdomo. Brandon alitembea hatua chache za adabu, kisha akakimbia. Kelele za ukumbi zilimzuia Esnah kusikia alimwita nani. Aliona tu jinsi Bonareri alivyoinama, na alivyokaa chini kwenye sakafu ile inayong'aa, koti na yote.

"Bado hapa, mama," afisa alisema, akisukuma karatasi kwenye dirisha. "Mtu wa kuarifiwa. Umepaacha wazi."

Esnah alichukua kalamu. Alikuwa ameahidi kupajaza akifika, na sasa amefika. Aliandika B, akakumbuka kwamba lazima awe mtu aliyebaki nchi kavu. Afisa alimpa karatasi nyingine. Nyuma yake msururu ulisogea, mtu akakohoa. Esnah aliwapitia watu wake mmoja mmoja, kama anayeita majina darasani. Wawili walikuwa chini ya saruji. Wawili walikuwa ng'ambo ya ile kamba. Wanawake wa Dorkasi aliwajua kwa miaka arobaini, na hapakuwa na hata mmoja ambaye Esnah angetaka apokee simu hiyo na kujua kabla ya wengine.

Meli ikipotea, ni nani atakayesimama kwenye boma lile na kuonyesha mahali pa kuchimba?

Aliandika: Haron Nyamweya. Penye uhusiano aliandika: shemeji. Kwa muda wa miezi miwili hilo lilikuwa neno la kwanza la ukoo alilolitia kwenye karatasi ya safari hiyo bila mtu kumzuia.

Alimwomba afisa dakika moja. Haikuwa adabu kumwandika mtu bila kumwambia. Haron alipokea kwa sauti ya mtu aliyeko shambani.

"Mama Thadeus? Hamjaondoka?"

"Tuko mlangoni. Kuna mahali wanataka jina la mtu aliyebaki nyumbani. Nimeandika lako."

Esnah akasikia maji yakimwagwa, na ndoo ikiwekwa chini.

"Umeniandika kuwa nani?"

"Shemeji."

"Haya." Alisafisha koo. "Ng'ombe wako wamekamuliwa. Na huyo mtoto, mwambie babu yake anasema ashike vyuma, asichungulie maji."

Esnah alisema atamwambia. Alifunga simu, akairudisha karatasi dirishani, akachukua begi lake dogo. Ng'ambo ya kamba mama na mtoto walikuwa wameshasimama, wameshikana mikono, wamempa mgongo, wanaitazama meli. Alitembea kuelekea kwao bila haraka na mgongo umenyooka, ingawa hapakuwa na aliyekuwa akimtazama.